TAFAKARI YA JUMA: KABLA YA KUFUTA, TUSOME KWANZA



Ndugu waamini wapendwa, juma hili tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka halifanani na tafakari: kufuta mafaili ya zamani katika kompyuta ya ofisi ya parokia. Wapo watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya fundi, si ya padre. Lakini katika kompyuta hiyo mmo ninyi. Mmo majina yenu, majina ya wazazi wenu na ya wasimamizi wenu wa ubatizo, tarehe mlizozaliwa na mlizobatizwa, ndoa zenu na marehemu wenu. Anayefuta humo anagusa watu. Kwa sababu hiyo tumeona ni haki mjue kilichofanyika, jinsi kilivyofanyika, na fundisho tulilolipata.

Chanzo cha kazi

Kompyuta yetu ilinunuliwa mwaka 2019, ikarithi kila kitu kutoka kwa ile iliyoitangulia, kizuri na kibovu, kama mrithi anavyopokea nyumba pamoja na panya wake. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa mfumo wa Windows 10, nasi kama ofisi nyingine nyingi tukahamia toleo la 11. Kijana fundi wa mojawapo ya Jumuiya zetu Ndogo Ndogo alitusaidia bila malipo, Mungu ambariki. Baada ya kuhama, diski ilikuwa imejaa pomoni. Ukiiwasha mashine, uliweza kusali makumi mawili ya rozari kabla haijafunguka.

Fundi alituketisha, akatuonyesha vitu vilivyoijaza. Tutavieleza kwa ufupi, maana wengi wenu mna kompyuta nyumbani, shuleni au dukani, na yanayotupata sisi yanaweza kuwapata ninyi.

Kwanza ilikuwapo folda iitwayo Windows.old. Mfumo mpya unapowekwa, ule wa zamani hauondoki papo hapo. Huwekwa kando, ili mpya ukikataa kufanya kazi mwenye kompyuta aweze kurudi alikotoka. Kwa kawaida nafasi hiyo ya kurudi ni ya siku kumi, kisha mfumo wenyewe huifuta folda hiyo. Hiyo haikutusumbua.

Pili zilikuwapo pointi za kurejesha. Mara nyingi mfumo unapowekewa masahihisho makubwa hujiwekea alama, ili mambo yakiharibika urudi kwenye hali ya siku ile. Alama hizo hujilimbikiza. Ndani ya Windows kipo chombo cha kusafisha diski, ambacho huweza kuziondoa zote na kubakiza ya mwisho. Hapa tunaomba msikilize kwa makini, kwa sababu kosa la kufikiri ni la wengi. Pointi ya kurejesha huokoa mafaili ya mfumo na mipangilio yake. Haiokoi barua zako, hesabu zako wala picha za harusi yako. Katibu wa Jumuiya anayetegemea pointi hizo zimlindie orodha ya michango ni kama mtu aliyeweka akiba ya mabati na misumari akidhani ameweka akiba ya chakula.

Tatu ni kisehemu kidogo cha diski kilichotengwa kwa ajili ya kuiokoa kompyuta inaposhindwa kuwaka. Fundi alisema hicho kiachwe kama kilivyo, hata kama kinaonekana hakina kazi. Vilevile folda za ndani za mfumo zisifutwe kwa mkono kwa sababu tu ni kubwa.

Nne ilikuwapo picha ya mfumo mzima, yaani nakala ya kila kitu kilichokuwamo katika kompyuta ile ya zamani, iliyochukuliwa mwaka 2014 wakati ikitumia Windows 7. Folda yake inaitwa WindowsImageBackup, nayo peke yake ilikula zaidi ya gigabaiti 60. Kompyuta yenyewe haipo tena, na Windows 7 iliachwa bila msaada tangu tarehe 14 Januari 2020. Wote tuliokuwa ofisini, fundi, katibu, mhasibu na sisi, tuliona kwamba hiyo ndiyo ya kwanza kuondoka.

Tano zilikuwa nakala zetu wenyewe za orodha ya ubatizo. Majina yake yalitosha kumchekesha mtu: UBATIZO, UBATIZO MPYA, UBATIZO MPYA KABISA, UBATIZO WA MWISHO, UBATIZO WA MWISHO 2, na UBATIZO USIFUTE. Zote sita zilikaa katika diski ileile moja. Diski ikifa zinakufa zote sita kwa saa moja, na hapo wingi wao haumsaidii mtu.

Daftari lisilofungwa

Kabla ya kuendelea inafaa tukumbushane kwa nini orodha hii ni nyeti. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaagiza maparoko kuandika katika vitabu ndoa na ubatizo wa waamini wao. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 535, inadai kila parokia iwe na kitabu cha waliobatizwa, cha ndoa na cha marehemu. Kanuni hiyohiyo inasema jambo ambalo waamini wengi hawalijui: katika kitabu cha ubatizo, kando ya jina la mtu, yaandikwe pia kipaimara chake, ndoa yake, daraja takatifu akipewa, au nadhiri za daima akiziweka katika shirika la kitawa. Mambo hayo hayana budi kuonekana katika cheti cha ubatizo kila kinapotolewa.

Maana yake ni kwamba kitabu cha ubatizo hakifungwi siku mtoto anapobatizwa. Kinaendelea kuandikwa kadiri mtu anavyoendelea kuishi. Binti aliyebatizwa Singida akafunga ndoa Mwanza, taarifa hurudi kwetu, nasi tunaiandika pembeni mwa jina lake.

Sasa fikirini nakala ya orodha hiyo iliyochukuliwa mwaka 2014. Siku ilipochukuliwa ilikuwa ya kweli. Lakini kuanzia siku iliyofuata ilianza kubaki nyuma. Mtu aliyefunga ndoa mwaka 2017, katika nakala hiyo bado ni mseja. Akitokea mtu wa kuisoma bila kujua umri wake, atatoa cheti kinachosema kwamba mtu huyo yuko huru kuoa au kuolewa, na paroko wa mbali atakiamini. Nakala ya zamani inaweza kudanganya bila hata neno moja la uongo kuandikwa ndani yake.

Kwa hoja hiyo tulikuwa tayari kufuta vyote vya zamani na kubakiza faili jipya kuliko yote. Aliyetuzuia ni mzee wetu katekista, ambaye kompyuta haijui. Alisema: "Baba, mbegu hazimwagwi kabla hujaonja unga wa zile unazobakiza. Tusome kwanza."

Siku ya kusoma

Tulisoma. Katekista alifungua vitabu vya karatasi, katibu akasoma kwa sauti kutoka kwenye faili jipya, nasi tukafuata kwa kidole. Majina kadhaa ya kwanza yalikwenda sawa. Tulipofika kwenye kigango kimoja, katibu alisoma jina la mama aliyezaliwa mwaka 1988, akanyamaza, akasoma tena. Kwa mujibu wa faili, mama huyo alibatizwa mwaka 1979. Kanisa linabatiza watoto wachanga, lakini si miaka tisa kabla hawajazaliwa.

Tulicheka, kisha tukaacha kucheka. Fundi alitazama akatambua kilichotokea. Wakati fulani mtu alitaka kupanga majina kwa alfabeti, akachagua safu ya majina peke yake. Majina yakajipanga vizuri, lakini tarehe, wazazi na wasimamizi wakabaki pale walipokuwa. Kila jina katika kigango kile likawa limekaa kando ya maisha ya mtu mwingine. Faili lilionekana nadhifu kuliko yote. Nakala zote sita zilizaliwa baada ya hapo, na kila moja ilirithi uharibifu uleule, pamoja na ile iliyoandikwa USIFUTE.

Mngetarajia tuseme: basi rudini kwenye kitabu cha karatasi. Kitabu cha kigango hicho, kurasa za kuanzia mwaka 1986 hadi 1991, kililiwa na mchwa kabatini. Frateri mmoja aliyekuwa kwetu katika mwaka wake wa uchungaji, mwaka 2013, alizichapa kurasa hizo katika kompyuta kabla mchwa hawajazifikia. Kazi yake ndiyo iliyokuja kuvurugwa na ule upangaji wa majina.

Na mama mwenyewe hakuwa jina tu katika orodha. Juma hilohilo alikuwa ameomba cheti cha ubatizo ili akipeleke kama mojawapo ya vielelezo vya kuombea cheti cha kuzaliwa, kwa sababu alizaliwa nyumbani na kuzaliwa kwake hakukuwahi kusajiliwa. Ndugu zetu wa vijijini wanajua uzito wa karatasi hiyo.

Ndipo fundi alipokumbuka lile furushi la gigabaiti 60 tulilokwisha kulihukumu. Picha ya mfumo, alisema, si lazima irejeshwe yote ndipo itumike. Ndani yake limo faili kubwa ambalo Windows inaweza kulifungua kama diski ya kawaida, mtu akaingia na kutazama kilichokuwamo siku ile. Akalifungua. Ndani ya kompyuta ya mwaka 2014, ambayo haipo tena duniani, orodha ya frateri ilikuwa imekaa salama, kila jina na tarehe yake. Mama yetu alibatizwa mwaka 1989.

Hata hapo hatukuharakisha. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 876, inakubali ushuhuda wa mtu mmoja asiyetiliwa shaka kuthibitisha ubatizo. Msimamizi wake wa ubatizo yu hai. Alipoulizwa, aliutaja mwaka uleule, akaongeza kwamba ulikuwa mwaka aliovuna uwele mwingi. Lakini orodha ya frateri haikuwa na habari ya ndoa ya mama huyo, kwa kuwa ndoa ilifungwa mwaka 2017. Hiyo tuliitoa katika kitabu cha ndoa. Hivyo cheti kimoja kilikamilishwa na mashahidi watatu: nakala ya zamani iliyojua alipobatizwa, kitabu kipya kilichojua alipoolewa, na bibi aliyemshika mikononi kisimani.

Fundisho la ghala

Ndugu wapendwa, tusilichukue jambo hili vibaya tukasema: kumbe kila cha zamani kitunzwe. Sisi wa Singida tunajua habari ya ghala. Mapema katika miaka ya 1980 alionekana Tabora, kwa jirani zetu, mdudu dumuzi, mgeni aliyetoka Amerika ya Kati, ambaye sehemu nyingi za nchi yetu alipewa jina la Scania. Anakula mahindi na mihogo mikavu, na anatoboa hata mbao. Tangu hapo mabwana shamba wanatufundisha: kabla ya kuingiza mavuno mapya, toa yaliyobaki, fagia, choma makombo, wala usichanganye nafaka mpya na ya zamani. Mdudu hakai katika mavuno yaliyotoka shambani jana tu. Anajificha katika kile kidebe cha mwaka juzi ambacho mwenye nyumba aliona huruma kukitupa.

Lakini hakuna mkulima mwenye akili anayefagia ghala akiwa amefumba macho. Anashika, ananusa, anapepeta, na mbegu anaitenga. Kazi ngumu ya kusafisha iko katika kutazama. Kubonyeza kitufe cha kufuta ni kazi ya nukta moja. Tulijipa kipimo kibaya tulipouliza: faili hili lina umri gani? Swali lililotufaa lilikuwa: je, kilichomo kinapatikana mahali pengine, na tumekwisha kulithibitisha hilo kwa macho yetu? Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa na kusomwa ni tumaini tu. Mtu asifute kitu kwa kutegemea tumaini asilolijaribu.

Kufuta mbele ya mashahidi

Liko jambo jingine lililotufanya tuende taratibu. Mwenye ofisi anapofuta, wanaomtegemea wana haki ya kuuliza: anapunguza mzigo, au anaficha?

Historia ya nchi zetu ina mfano mchungu wa swali hilo. Mwaka 1961, Tanganyika ilipokuwa ikijiandaa kupata uhuru, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, aliagiza kwamba nyaraka ambazo zingeweza kuiaibisha serikali yake zisiachwe mikononi mwa serikali mpya za makoloni. Nyingine zilichomwa moto, nyingine zikasafirishwa Uingereza. Mwaka 2011, wakati wa shauri la wazee wa Kenya walioteswa zama za Mau Mau, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba maelfu ya mafaili kutoka makoloni 37 yalikuwa yamewekwa mahali paitwapo Hanslope Park. Mwezi Juni 2013 yalitangazwa makubaliano ya pauni milioni 19.9 kwa ajili ya Wakenya 5,228, pamoja na gharama za kesi. Wazee walisubiri zaidi ya nusu karne, kwa sehemu kwa sababu karatasi za kuwasemea hazikuwa mahali walipoweza kuzifikia.

Parokia si dola, na kompyuta yetu haina siri za utawala. Lakini kanuni ni ileile katika udogo wake. Kwa hiyo tulifuta mbele ya watu watatu: katibu, mhasibu na mjumbe mmoja wa Halmashauri ya Walei. Kila kilichofutwa kiliandikwa katika daftari: jina la faili, mwaka wake, sababu ya kulifuta, na mahali ilipo nakala iliyobaki. Atakayekuja baada yetu atajua nini kilikuwapo.

Hali ya sasa ni hii. Orodha sahihi ya ubatizo ni moja. Nakala zake ni tatu: moja katika kompyuta, moja katika diski ya nje iliyofungiwa kabatini, na moja iliyotunzwa mbali na parokia, ili moto au mwizi asizipate zote kwa pamoja. Kila mwisho wa robo mwaka nakala hizo zitafunguliwa na majina ishirini yasomwe kwa sauti mbele ya kitabu. Orodha ya frateri imetolewa katika furushi lile na kuandikwa juu yake wazi: "Hali ya mwaka 2013, isitumike kutolea vyeti bila kulinganishwa." Furushi lenyewe, baada ya kukaguliwa lote, limefutwa. Zile nakala sita za UBATIZO nazo zimefutwa, na hakuna aliyezililia.

Tunawakumbusha pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haimruhusu mtu kukaa na taarifa za wengine kupita haja iliyomfanya azikusanye. Wenye orodha za wagonjwa, za wanafunzi au za wakopaji katika vikundi vyenu, hilo linawahusu. Na mnapouza au kugawa kompyuta ya zamani, jueni kwamba kufuta kwa kawaida mara nyingi huondoa jina la faili katika fahirisi tu, huku maandishi yakibaki ndani ya diski. Mwombeni fundi aifute diski nzima kabla haijatoka mlangoni.

Kisichoandikwa

Tunamaliza kwa wazo moja. Aliyevuruga majina ya kigango kile hatumjui, wala hatukumtafuta. Faili halikuandika jina lake, nasi tuliona hiyo ni neema. Katika ofisi ya parokia kipo kitabu cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa na cha marehemu. Hakuna kitabu cha yaliyoungamwa. Kanisa, ambalo kwa karne nyingi limeandika tarehe za kuzaliwa kwa watoto wa maskini kwa uangalifu wa mwenye hazina, limekataza kabisa yaliyosemwa katika Kitubio yasifichuliwe. Mtu huandikwa ili asisahauliwe. Dhambi yake iliyosamehewa haiwekewi nakala.

Nyumbani mara nyingi tunafanya kinyume. Tarehe ya ubatizo ya mtoto hatuikumbuki, lakini neno alilotuambia shemeji kwenye matanga ya mwaka 2009 tunalo, pamoja na nakala yake, na nakala ya nakala. Na kama ilivyo kwa nakala nyingine, hilo nalo lilibaki nyuma siku ileile lilipohifadhiwa: shemeji ameishi, amebadilika, pengine amejuta, nasi bado tunamsoma kama alivyokuwa siku ya matanga.

Juma hili tunawaomba mambo mawili. Kila familia itafute vyeti vya ubatizo vya watoto wake, ivisome, na palipo na kosa mtuletee ofisini, Jumanne au Alhamisi kabla ya saa sita mchana. Na kila mmoja atazame moyoni mwake ni kitu gani cha zamani anakihifadhi, akisome tena taratibu, kisha aamue.



Paroko wenu.